Mama Biringanya na Mistari Sita ya Nyanya

Saa kumi na mbili asubuhi, umande haujakauka, na Mama Biringanya ameshainama shambani. Anachuma nyanya, anaigeuza kuangalia kama ina doa, anailaza kwenye kreti polepole kama anayelaza kichanga.

Jina hilo si la kuzaliwa. Alibandikwa na majirani miaka miwili iliyopita, majani ya nyanya zake yalipogeuka zambarau kwa chini na miche ikadumaa, haikuvuka hata goti.

"Mwenzetu, umepanda nyanya au biringanya?" walimuuliza, wakacheka hadi kushika mbavu. Naye akacheka nao. Kulia alikwenda kulia nyumbani.

Kilichomliza si utani. Shamba hilo la nusu eka aliachiwa na marehemu mumewe, na shemeji yake, msimamizi wa ardhi ya ukoo, alikuwa amechoka kuliona halitoi kitu. Alimpa msimu mmoja wa mwisho: ukiharibika na huo, anapanda miti ya mbao. Mjane huyo, mwenye miaka hamsini na minne, hana shamba lingine.

Misimu yote hiyo alidhani ni ugonjwa. Akapuliza dawa, akang'oa, akachoma. Kumbe kosa lilikuwa lake, na lilitokana na woga. Mara ya kwanza kutumia mbolea ya kupandia, aliimwaga shimoni na kusimika miche juu yake papo hapo. Mizizi ikaungua. Tangu hapo akawa anainyunyiza juu ya udongo, wiki tatu baada ya kupanda, kama watu wanavyofanya na mbolea ya kukuzia.

"Nilijiona mjanja," anasema. "Kumbe naweka chakula darini, watoto wako chini wanalia njaa."

Bwana shamba aliyekuja kupima udongo ndiye aliyemfumbua macho. Alimweleza kuwa udongo wake umepungukiwa fosforasi, kirutubisho cha mbolea ya kupandia kinachojenga mizizi na kuleta maua, na kwamba ukiiacha juu, inabaki huko huko juu. Aweke mbolea hiyo kizibo kimoja cha soda kila shimo, afukie kwa udongo wa vidole vinne, ndipo aweke mche.

Hakumwamini moja kwa moja. Msimu huu alipanda mistari sita alivyoelekezwa, na sita kwa mazoea yake.

"Nilisema nikipotea, nipotee nusu."

Mistari ya mazoea imetoa kreti tatu. Ile mingine imefika kumi na moja, na bado ina maua.

Siku hizi kila anayekuja kumsaidia kuchuma hutegewa kitendawili: "Nina mgeni hatembei, nikimwacha mlangoni, wenyeji wanalala njaa." Asiyejua kuwa ni mbolea ya kupandia hubeba kreti hadi barabarani.

Jua linapoanza kuchoma, shemeji mtu anatokea. Anapita katikati ya mistari, anageuza jani moja, kisha la pili. Kijani tupu.

"Shemeji, ile miche ya miti nimempa mtu," anasema hatimaye. "Lima shamba lako. Usije tu ukanifanya nijute."

"Ujute nini? Shika kreti upande huo."

Msimu ujao mistari yote kumi na miwili italishwa kutoka chini. Binti yake, ambaye kwa muda mrefu amemsihi aache kilimo akaishi kwake, anakuja mwezi ujao.

"Nimemwambia aje na jembe," anasema Mama Biringanya. "Huruma aiache huko huko."