Mafuta ya Pilipili

Ofisini walimwita Pilipili, na si kwa ukali wa ulimi. Alikuwa mpole kiasi kwamba hata karani wa mapokezi alimtuma chai. Jina lilitokana na kazi yake. Katika idara ile ya takwimu za chakula kila ofisa alikuwa na fungu lake: huyu nafaka, yule nyama, mwingine maziwa. Yeye aliangukiwa na pilipili. Kila mwaka alikusanya hesabu za nchi zote za kanda, akaigawa pilipili kwa idadi ya watu, kisha akatafuta ni mafuta kiasi gani yaliyomo ndani yake yanamfikia mlaji kwa siku. Mbegu za pilipili zina mafuta kweli, ila ni kidogo mno. Ya mtu mmoja hayalainishi hata bawaba ya mlango.

"Pilipili, vipi leo?" wenzake walimtania wakimkuta kwenye korido. "Yametosha kukaangia yai, au tuendelee kungoja?"

Alicheka nao, kisha akarudi kwenye hesabu zake. Alikuwa ameomba kuhamishiwa nafaka tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Kila mara aliambiwa avute subira. Akavuta, mpaka waliokuja nyuma yake wakampita wakapewa vyumba vyenye madirisha.

Halafu mwaka mmoja mstari wa pilipili kwenye grafu yake ukapanda. Alidhani amekosea, akarudia hesabu. Ukapanda vilevile. Akapitia nchi moja baada ya nyingine, zote zilikuwa zinapanda, tena kwa miaka kadhaa mfululizo, ila polepole kiasi kwamba hakuna aliyeona, hata yeye. Aliingia kwa mkurugenzi na grafu mkononi.

Mkurugenzi alikuwa mama mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, na mwaka ule alikuwa hana raha. Mkutano wa kanda ulikuwa mlangoni, na kila fungu lilileta habari za kushuka. Aliivaa miwani, akautazama mstari, akatabasamu.

"Mafuta kutoka kwenye viungo yanaongezeka kanda nzima," alisema, kama anayeonja maneno. "Hii ndiyo ya kufungulia mkutano. Utaisoma mwenyewe."

Pilipili alitoka mle miguu haigusi chini. Jioni akachukua koti lake la pekee, lililokuwa limembana mabegani, akalipeleka kwa dada yake alipanue. Dada huyo mkubwa alikuwa fundi cherehani, mjane, anaishi na watoto wake watatu ng'ambo ya pili ya mji. Ndiye aliyemlea mdogo wake baada ya wazazi kufariki. Pilipili hakuwa mtu wa kumtembelea mara kwa mara; kila wiki alijiambia wiki ijayo.

"Karibu, mgeni wetu," dada alisema, na lile neno mgeni lilimchoma kidogo. Akampima mabega, akafumua mshono wa mgongoni, akasikiliza habari za mkutano huku pini zikiwa mdomoni. "Nilijua ipo siku watakuona," alisema alipozitoa. "Sasa kaa ule."

Chakula kilikuwa viazi vya kuchemsha na mboga ya majani, vyekundu kwa pilipili ya unga. Tonge la kwanza lilimtoa machozi. Watoto walikula wakivuta makamasi, kila mmoja na kikombe cha maji mkononi, na jagi likajazwa tena na tena.

"Siku hizi mnaipenda pilipili, dada."

"Nani anaipenda?" Dada hakuinua macho. "Mafuta ya kupikia tulishayaaga, mdogo wangu. Na chakula kikavu hivi hakishuki. Ukikitia pilipili ya kutosha, ulimi unadanganyika, mtoto anakunywa maji mengi, analala tumbo limejaa. Mtaa mzima tunafanya hivyo. Ongeza kiazi."

Hakuongeza. Alilirudisha tonge sahanini.

Kesho yake aliwahi ofisini kabla ya wafagiaji, akafungua hesabu za mafuta ya kupikia, ambazo hazikuwa fungu lake. Akaziweka kando ya zake. Kila nchi ambako pilipili ilipanda, mafuta ya kupikia yalikuwa yameporomoka. Nyama nayo hivyohivyo. Akampelekea mkurugenzi.

"Mama, huu mstari si wa neema. Watu wanaongeza pilipili kwa sababu hawana kitu kingine cha kutia chunguni."

"Nani kakwambia?"

"Dada yangu."

Mkurugenzi alivua miwani taratibu. "Dada yako ni kanda nzima? Wewe umepewa pilipili, soma pilipili. Mafuta ya kupikia yana mwenyewe. Au hutaki kile chumba cha nafaka? Maana mwenye nacho anastaafu."

Usiku hakulala vizuri, lakini asubuhi ya mkutano alivaa koti alilopanuliwa na dada. Lilimkaa kama limeshonwa juu ya ngozi yake. Ukumbini alisoma yote kama yalivyoandikwa, wakampigia makofi. Kisha mjumbe mmoja wa safu ya nyuma akasimama, akauliza bila ubaya wowote: "Lakini ni kwa nini watu wanakula pilipili zaidi?"

Ukumbi ulimngoja. Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Akamwona mkurugenzi akiigusa miwani yake.

"Ladha za watu zinabadilika," akasema, akaketi.

Chumba cha nafaka alipewa. Kilikuwa na dirisha. Siku aliyokabidhiwa ufunguo alinunua dumu la mafuta ya kupikia, akalibeba mwenyewe hadi kwa dada. Dada alilipokea kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea kitu cha mtu asiyemjua.

"Tulikusikia redioni, mpaka lile swali la mwisho," alisema. "Tulikusanyika hapa na majirani. Niliwaambia, nyamazeni, ndugu yangu anasema."

"Dada, pale ukumbini..." Pilipili alianza.

"Koti lilikukaa?"

"Lilinikaa."

"Basi." Akalisukuma dumu chini ya meza ya cherehani, akarudi kwenye kitambaa chake. Watoto walisimama mlangoni wakimtazama mjomba wao, na hakuna aliyemkimbilia.

Alikaa mpaka ikawa wazi kwamba hakaribishwi kula. Alipoaga, dada alijibu, "Haya, mheshimiwa," bila tabasamu, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani. Hakumwita tena mdogo wangu, siku ile wala baadaye. Na yeye, nguo zake zilipochanika, alianza kuzipeleka kwa fundi mwingine, karibu na ofisi, mtu asiyeuliza kitu.