Kidole cha Mama wa Mlangoni

Mama wa mlangoni pale Kings Heath, Birmingham, hana haja ya kupaza sauti. Jumba la maigizo analolinda mlango wake ni la mbao, halina paa, na humo huigizwa michezo ya mtunzi mkuu wa enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza, watazamaji wakisimama uani kama zamani zile. Anayepiga soga huguswa bega, akageuka, akamkuta mama, kidole kimelala midomoni mwake. Binti yake Jeannine anakijua kidole hicho tangu utotoni, kanisani.

Jumamosi, mfalme jukwaani alipomkumbatia ndugu yake msaliti, kidole cha mama kilishuka, akamwita kwa Kiswahili cha kwao, kama amwitavyo baba: "Papa, usimwamini! Huyu iko muongo!"

Jeannine, aliyesimama uani kati ya watazamaji, alitamani ardhi ipasuke immeze. Mfalme aligeuka, akauliza kwa Kiingereza: mama kasemaje? Jeannine alimtazama mama yake, kitenge cha kwao Bukavu, Kongo, juu ya koti la kazi, kidevu juu, hajutii kitu. Akapaza sauti kwa Kiingereza: "Mama yangu anasema usimwamini!"

Uwanja mzima ukalipuka, kila mtu akimwonya mfalme, kama walivyofanya watu wa enzi zile. Mama akawaacha wapige kelele mpaka watosheke. Kisha akapandisha kidole midomoni, na hata mfalme akanyamaza.