Rivolva Niliyoisahau Kiunoni

Rivolva inayozidi kilo moja haibebwi kwa mshipi wa kawaida. Hilo nililijua kwa nyonga yangu kabla sijalisoma popote. Mshipi mwembamba unajikunja, suruali inateremka upande mmoja, na kila ukiketi mtutu unakudunga pajani. Mimi nauza chakula cha mifugo na dawa za ng'ombe Giakanja. Kazi yangu ni kuinama, kubeba magunia na kupanda pikipiki, na kila mara chuma kile kilinikumbusha kwamba kipo.

Niliomba leseni baada ya watu wenye bunduki kuingia dukani mchana na kutulaza kifudifudi, mimi na mke wangu, juu ya magunia ya pumba. Hawakutuumiza. Lakini tangu siku hiyo, pikipiki ikizima injini nje ya duka, mdomo hunikauka. Rivolva niliyoipata ilikuwa ya mzee mmoja wa ranchi, kubwa kuliko mahitaji yangu.

Afisa aliyenipa leseni alinionya jambo moja. "Mtu akijua uko nayo, hatakuja kuiba pesa. Atakuja kuchukua hiyo."

Niliingia pale na hofu moja, nikatoka na mbili.

Kwa hiyo nilikuwa na tatizo la kuibeba bila maumivu, na pia bila mtu kujua. Nililishughulikia kama ninavyoshughulikia kila kitu ambacho sikufundishwa shuleni: nilisoma, nikajaribu, nikarekebisha. Mkoba wa kwapani ulinipa maumivu ya shingo, na nikiinama kupima dawa, rivolva ilining'inia mbele kama kiwele. Mkoba wa pajani haufichiki. Mwishowe nilielewa kwamba shida haikuwa uzito bali mahali unapokaa. Mshipi ulipaswa kuwa mpana, wa ngozi mbili zilizoshonwa pamoja, usijikunje. Mkoba ukae juu, nyuma kidogo ya mfupa wa nyonga, ubane mwili, na kitako cha rivolva kiinamie mbele.

Sikuthubutu kumpelekea fundi silaha yenyewe. Nilichonga mfano wa mbao, nikampelekea fundi wa ngozi mjini Nyeri, karibu na msikiti. Nilimwambia ni mkoba wa drili.

Aliugeuzageuza ule mti. "Drili hii inatoboa nini, mzee wangu?"

"Ukuta."

"Haya. Nitakushonea mkoba wa drili ya kuendea kanisani," akasema, akacheka peke yake. "Usiogope. Mimi sijaona kitu."

Niliogopa njia nzima hadi nyumbani. Lakini kazi yake ilikuwa safi. Wiki ya kwanza niliuhisi mshipi tu. Baadaye hata mshipi sikuuhisi. Niliketi kanisani ibada nzima bila kujigeuza, nikapakia magunia, nikalala kidogo mchana kwenye kiti. Mke wangu aliniambia nimeacha kutembea kama mtu mwenye jipu. Nilifurahi kwamba nimefaulu.

Ndipo akafariki jirani yetu, mfugaji aliyekuwa mteja wangu wa kwanza nilipohamia hapa kutoka Magharibi. Mazishi yalifanyika shambani kwake. Hapa wanaume hupokezana beleshi kufukia kaburi, na asiyeshika beleshi watu humwona. Mimi si mzaliwa wa hapa. Kwa miaka mingi, mahali nilipojihisi mtu wa hapa kuliko pengine popote ni pale kaburini, nikipokea beleshi kutoka mkono wa jirani na kulipitisha kwa mwingine.

Zamu yangu ilipofika jua lilikuwa limetoka. Nilivua koti, nikalitundika kwenye tawi la mkadamia, nikaanza kutupa udongo.

Wimbo wa kina mama ulififia upande wangu. Nilidhani wamechoka. Kisha mwenye gari la maziwa, aliyekuwa akifukia mkabala nami, akaacha beleshi wima udongoni.

"Mzee, vaa koti yako."

"Kwani kuna nini?"

"We vaa tu."

Nilishika nyonga. Rivolva ilikuwa nje, mbele ya wote. Nililivaa koti huku vidole vikikosa mikono yake, na nilipogeuka, watu walikuwa wamerudi nyuma. Hakuna aliyekuja kupokea beleshi langu. Nililiweka chini.

Baada ya hapo dukani waliniita afande. Wanaume waliokuwa wakibishana nami juu ya ubora wa pumba walikubali kila neno. Mmoja aliniuliza kwa mzaha, "Ati hiyo inaweza kuangusha ndovu?" Nilicheka pamoja naye. Kisha akaanza kuja mtu nisiyemjua, mwenye jaketi la kijani. Alizima pikipiki nje, akaingia, akauliza dawa ya kupe, hakununua. Siku nyingine akaja tena, akauliza dawa ile ile, na macho yake hayakuwa kwenye rafu.

"Watarudi," mke wangu alisema, "na sasa wanajua wanakuja kuchukua nini. Baba watoto, chagua. Hiyo kitu iende, ama mimi niende Kianyaga kwa msichana wetu."

Niliipeleka kituoni, nikaikabidhi pamoja na risasi. Nilipotoka nje nilitembea nikiinamia upande, kwa sababu mwili ulikuwa umejipanga kubeba kitu ambacho hakipo. Sikufika hata barabarani kabla sijaliona kosa katika hesabu yangu. Giakanja yote ilikuwa imeona rivolva. Hakuna aliyeona ikiondoka.

Nilimweleza kinyozi, kwa kuwa akijua yeye wamejua wote. Alicheka, wembe mkononi. "Ndivyo mnafunzwa kusema, afande."

Basi nikaanza kutembea bila koti. Ilikuwa Julai, mwezi ambao hapa jua halionekani na ukungu hushinda juu ya mashamba ya chai hadi saa sita. Nilipita sokoni kwa shati jembamba, polepole, nikigeuka huku na huku kana kwamba natafuta mtu.

"Mzee, utapata nimonia," mama muuza nduma aliniambia.

"Nasikia joto."

"Joto ya wapi, na sisi tunatetemeka?"

Mwenye gari la maziwa alikuwa pale akinywa uji. "Muache, mama. Siku hizi amejua kuificha. Mimi hata nikiangalia sioni."

Watu walicheka. Nyuma yao, kwenye pikipiki iliyozimwa, alikuwa amekaa yule wa jaketi la kijani. Yeye hakucheka.

Nilichomoa shati kwenye suruali, nikalipandisha hadi kifuani. Baridi ilinishika tumbo. Nilijizungusha mzima, polepole, nikamalizia nikimwelekea yeye.

"Na mguuni?" mtu akapiga kelele. "Afande huweka mguuni!"

Kicheko kikapanda. Mwenye jaketi la kijani aliteremsha macho hadi kwenye viatu vyangu, akangoja. Niliinama nikaanza kukunja suruali.