Spiriti Mbele ya Mama Mkwe

Harufu ya spiriti huingia puani kama kitu kitamu, kisha hugeuka kuwa kali na kukausha koo. Mwaka aliofariki mama, nyumba yetu ya Korogwe ya Zamani ilinuka hivyo kuanzia uani hadi kwenye mito ya kulalia. Petroli ilikuwa imeadimika, na baba, aliyekuwa fundi wa magari, alinunua spiriti iliyotengenezwa kwa molasi na kuihifadhi kwenye madumu ya njano. Nguo zake zilinuka, mikono yake ilinuka, hata ugali aliousonga ulinuka. Nilikuwa na miaka tisa. Sikumbuki kuwa na huzuni. Nakumbuka nikila nilipoambiwa kula na kulala nilipoambiwa kulala, na watu wazima wakinisifu kwa utulivu wangu.

Bibi mzaa mama aliishi Bungu, juu milimani. Baada ya arobaini alituma ujumbe kwamba mtoto wa kike halelewi gereji, nipelekwe kwake. Baba hakubisha. Yeye Mzigua wa Kwaluguru alikuzwa kumheshimu mama mkwe kiasi cha kutomtazama usoni: unamsalimia ukiwa mbali, unainamisha macho, unajibu ulichoulizwa, unanyamaza. Aliomba jambo moja tu. Alikuwa na gari dogo la mizigo lenye injini ya tabo, lililokaa juu ya mawe tangu mama alipoanza kuugua. Akilifufua, alisema, atabeba mizigo kati ya Korogwe na Handeni, ataweka mtu wa kumsaidia nyumbani, nami nitabaki naye. Bibi alijibu kwamba gari hilo alione kwa macho yake, mlangoni kwake. Basi ikawa hivyo, nibaki au niende, kutegemea injini.

Shida ilikuwa nozeli, vile vibomba vyembamba vinavyopuliza mafuta ndani ya injini. Baba alinieleza huku akifanya kazi, bila kunitazama, kama anayejieleza mwenyewe. Spiriti haina nguvu ya petroli, kwa hiyo injini huitaka nyingi zaidi, karibu mara moja na nusu. Juu ya hayo kuna tabo, inayosukuma hewa ndani kwa nguvu, na hewa ikiongezeka mafuta nayo sharti yaongezeke. Nozeli za gari lake zilikuwa ndogo mno. Akachomoa nyingine kwenye injini kubwa iliyokufa, akazifunga juu ya chupa nne za jemu, akaunganisha pampu na betri, zikaanza kupuliza kwa mlio wa cherehani. Mimi nilichuchumaa kutazama kama chupa zinajaa sawasawa. "Zimelingana?" "Zimelingana, baba." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu marefu ya msimu ule.

Majirani nao walikuwa na maelezo yao. Mtu kafiwa na mke, ananuka spiriti asubuhi na jioni, nani ataamini kwamba yote anaimimina kwenye tangi? Msikitini walianza kusogea kidogo akikaa. Wanawake wa sokoni walinipa ndizi na kuniuliza kwa upole kama baba huanguka usiku. Uvumi ukapanda mlima haraka kuliko basi. Baba, ambaye hata togwa iliyolala ikachachuka aliikataa, aliendelea kukaza nozeli zake. Alisema gari likifika Bungu litajisemea lenyewe.

Alilijaribu kwenye barabara ya Handeni, tambarare na vilima vya hapa na pale, likaenda vizuri sana, akarudi akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba. Ijumaa iliyofuata akavaa kanzu, akanipandisha mbele, tukaelekea Bungu. Mlima ulipoanza kusimama, tabo ikaanza kupiga mluzi, baba akakanyaga, na injini ikaanza kugonga ndani kama mtu anayepiga sufuria. Nozeli zilikuwa wazi muda wote bila kupumzika, na bado hazikutosha. Alikuwa amezichagua kwa barabara ya bondeni. Hewa ikazidi, mafuta yakapungua, pistoni ikaungua. Gari lilizimika kwenye kona. Baba alishuka, akachomoa mpira wa mafuta kuangalia, spiriti ikamrukia kifuani. Akafunga boneti taratibu, tukapanda kwa miguu.

Bibi alikuwa amesimama kwenye baraza. Baba alisimama mbali, kwenye migomba, kama mkwe anavyopaswa, na upepo ulikuwa ukitokea kwake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekunywa, mwanangu?"

"Hapana, mama. Ni mafuta ya gari."

"Gari liko wapi?"

"Limekufa njiani."

Niliposema ni kweli, Bibi alinishika kichwa akasema mtoto lazima amtetee baba yake. Baba hakusogea wala hakuinua macho. Mtu mwingine angepiga kelele, angeapa, angemvuta Bibi mkono hadi kwenye kona ile. Mkwe hafanyi hivyo. Aliniambia nimsikilize Bibi, akateremka. Sikulia. Nilikuwa natazama doa kwenye kanzu yake, lilikuwa limeshaanza kukauka.

Baadaye dereva mmoja wa Bungu alimweleza Bibi kuhusu gari lile la spiriti. Bibi alimtumia baba pole zake, akasema mtoto ameshazoea shule ya huku. Ilikuwa kweli, nilikuwa nimezoea. Sasa ni mtu mzima, naishi Handeni, na fundi wa gari langu hupima nozeli kwa mashine, na huchagua zilizo kubwa kidogo kuliko hesabu inavyotaka ili mlimani zibaki na akiba. Kati ya hizo na zile za baba, tofauti ya tundu huwezi kuiona kwa jicho. Nilipomweleza baba, alisema anajua, akaniuliza kama mvua imenyesha.

Hunitembelea kila Idi. Mlango ukiwa wazi, yeye husimama nje na kupiga hodi. Namvutia kiti kizuri, napika wali, tunaulizana habari za safari mpaka zinakwisha. Idi iliyopita mwanangu alimwona kwanza, akakimbia jikoni kuniambia, "Mama, mgeni wako amefika." Nikamwambia amkaribishe.