Mama Chenge Atafuta Bima ya Gari la Umeme

Selina Ndalahwa wa Kiseke, pembeni mwa jiji lililo kando ya ziwa, ambaye mtaani wanamwita Mama Chenge kwa jina la mwanawe wa kwanza, amekodisha viti, sufuria na maturubai ya harusi kwa miaka mingi. Mizigo ilibebwa na kenta ya kukodi. Yeye alifuata nyuma kwa bodaboda, mkono mmoja ukishikilia mkoba na mwingine kilemba. Alipochoka kupigwa na upepo, alinunua gari dogo la umeme, jipya, jeupe, ambalo Chenge alimwagizia kutoka Dar. Majirani walimwonya kwamba umeme hukatika. Aliwajibu kwamba petroli nayo huisha.

Kilichomfurahisha kuliko vyote ni kwamba gari halikuwa na kelele. Mama Chenge ni mtu wa utani tangu usichana wake, na sasa alikuwa amepata chombo. Siku moja aliingia nalo polepole uani kwa dada yake anayeishi mtaa wa Pasiansi, akamkuta akimsimulia jirani jinsi Selina anavyoringa siku hizi.

"Hujasema kuhusu miwani," alimwambia kupitia dirishani. "Ongeza na miwani."

Dada yake alidondosha ungo wa mchele.

Shida ilikuwa bima. Bima ndogo, ile inayolipa hasara ya mtu uliyemgonga, alikatiwa siku gari lilipofika. Lakini yeye alitaka bima kubwa, inayotengeneza na gari lako mwenyewe, kwa kuwa barabara ya Buhongwa anaijua na madereva wake anawajua. Alivaa kitenge kizuri akaenda mjini kuulizia bei.

Katika ofisi ya kwanza alipokewa na dada mmoja mpole aitwaye Tereza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nataka bima kubwa ya gari, iwe ya bei nafuu. Nimetoka mbali." Kiseke si mbali, lakini aliona lisemwe tu.

Tereza aliandika jina, akaandika namba ya gari. "Ujazo wa injini?"

"Halina injini."

"Mama, kila gari lina injini. Labda hujaiona."

"Twende ukaione wewe."

Walitoka nje, Mama Chenge akafungua boneti. Pale ambapo magari mengine yana injini palikuwa na kisanduku cha kuwekea vitu vidogo, na ndani yake samaki wawili aina ya sato waliofungwa kwenye gazeti.

"Mmoja wa kwenda," Mama Chenge alieleza, "na mmoja wa kurudi."

Tereza alicheka mpaka akafuta machozi. Kompyuta yake haikucheka. Alipoandika sifuri iliikataa, alipoacha nafasi wazi iliikataa pia, na mwishowe akamwomba mama radhi.

Katika ofisi ya pili, bwana mmoja mwenye tai alitaja bei bila kuinua macho. Ilikuwa bei ya kumfanya mtu arudi kwenye bodaboda. Mama Chenge aliuliza kwa nini iwe juu hivyo.

"Magari haya hatuyajui, mama. Tusichokijua tunakipandishia bei."

"Hata mimi sikujui, na nimekusalimia vizuri tu," alisema, akaondoka.

Ndipo akafika kwa Jitesh, hapo hapo mjini, karibu na Makoroboi. Jitesh ni wakala wa bima kama baba yake, mtu mtaratibu anayependa kufikiri kabla ya kusema. Alisikiliza yote, akaahidi kuwauliza wakubwa wa kampuni, Dar. Tangu hapo Mama Chenge alimpigia asubuhi, akampigia mchana, na jioni akamtumia ujumbe wa kumuuliza kama amekula.

Siku aliyorudi, Jitesh alikuwa amesimama ukingoni mwa barabara mbele ya ofisi yake, simu sikioni, mgongo kwa magari.

"Ndiyo, bosi, yule mama wa gari la umeme. Hapana, haachi. Ameniganda kama kupe. Ukimpunguzia bei utakuwa umeniokoa mimi."

"Mwambie ni kupe anayelipa taslimu," ilisema sauti nyuma ya visigino vyake.

Jitesh alipiga yowe akarukia barazani. Gari jeupe lilikuwa limetulia pale aliposimama, na Mama Chenge ametoa kiwiko dirishani kama mtu aliyekuwepo tangu asubuhi.

Ilimchukua Jitesh muda kurudisha pumzi. "Mama, umejiharibia mwenyewe," alisema. "Dar wanaogopa vitu viwili tu. Cha kwanza betri, kwamba ni ghali. Hicho nimewatuliza, ikifa yenyewe ina dhamana ya kiwanda. Cha pili, wanasema gari halisikiki, litagonga watu. Nilikuwa nawaambia wanakuza mambo." Alitazama simu mkononi. "Na bosi bado yupo hewani. Amesikia nilivyolia."

Mama Chenge aliingiza kiwiko ndani, akapandisha kioo. Aliendesha hadi nyumbani polepole, na njiani hakumshtua mtu yeyote.

Lakini Jitesh hakuwa mtu wa kuweka kinyongo, na moyoni alikuwa na hamu ya kulipanda gari lile. Alikuja Kiseke kulipiga picha. Mama Chenge alimtengea chai na michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, na kwa unyenyekevu wote alimkabidhi usukani. Jitesh alikaa, akavuta kiti, akapitisha macho kwenye vitufe.

"Mama, hiki ni cha nini? Kina picha ya spika yenye mstari."

"Cha redio, labda."

Jitesh alikibonyeza, akalisogeza gari. Lilianza kuvuma kama mzinga wa nyuki, na lilivyoongeza mwendo sauti nayo ilipanda. Kuku walikimbia. Jitesh alisimamisha gari, akageuka.

"Limeundwa likiwa na sauti yake. Kuna mtu ameizima."

"Huku kwetu kuna vumbi jingi," alisema Mama Chenge, akitazama upande wa ziwa.

"Vumbi ndilo limebonyeza kitufe?"

"La Kiseke lina nguvu."

Jitesh alirekodi mvumo ule akautuma Dar. Bei iliteremka hadi mahali ambapo Mama Chenge aliimudu, kwa sharti kwamba sauti isizimwe kamwe. Mama Chenge alikaa na kikombe chake akilipima sharti hilo.

"Hata Jumapili?"

"Hata Jumapili, mama."

Alipumua kwa masikitiko, akatia sahihi.

Masika yalipoanza, alikuwa akitoka taratibu kwenye ukumbi mmoja wa Buhongwa alikopeleka viti, bajaji ikamgonga mlango wa kushoto. Hakuna aliyeumia. Dereva wa bajaji, Masalu, mtu mzima mwenye ndevu, alishuka mikono kichwani. Bima ya bajaji ilikuwa imeisha zamani, kwa hiyo ilibidi bima kubwa ya Mama Chenge ifanye kazi, na Jitesh akaitwa.

"Ndugu, hukulisikia gari?" alimuuliza Masalu.

"Nililisikia. Hilo ndilo lililoniponza. Nilisikia kitu kinavuma, nikajua bajaji yangu inakufa. Nikainama kusikiliza. Nilipoinuka, mlango wa mama ulikuwa hapa puani."

Mama Chenge alimgeukia Jitesh, na Jitesh akainama haraka kuupiga picha mlango.

Dar walipiga simu mara mbili kuuliza kama ile taarifa ni ya kweli, kisha wakalipa. Mlango mpya ulikuja mweupe kuliko gari lenyewe, na fundi aliyeufunga aliambiwa hivyo kila alipopita Kiseke. Masalu naye alikuja kuomba radhi mara nyingi mno, mpaka Mama Chenge akachoka kumsamehe, akampa kazi. Sasa ndiye anayepeleka sufuria ndogo kwa bajaji. Kabla ya safari ya kwanza, Mama Chenge alimpakia kwenye gari, akampeleka hadi Makoroboi na kumkalisha mbele ya Jitesh.

"Huyu naye anataka bima," alisema. "Ya bei nafuu."