Mstari wa Chini ya Skrini

Ofisini walimwita Mama Mashine, na hakuna aliyebisha. Miaka ishirini na miwili alikalia kiti kile kile kando ya dirisha lisilofunguka, na barua haikutoka pale bila kupitia mikononi mwake kusafishwa. Programu yake ya kuandikia ilikuwa ya kizamani, amri zote unaziandika kwenye mstari mmoja chini ya skrini. Badilisha neno hili liwe lile, kila mahali. Unagonga, kurasa mia zinatii.

Shida ilikuwa vidole. Viwili vya mkono wa kulia vilianza kukakamaa, na ukikosea katikati ya amri ndefu ilibidi urudi nyuma herufi moja moja kwa vitufe vya mishale. Kipanya nacho hakikumfaa kitu: ukibofya mstari ule, alama ya kuandikia inarukia kwenye barua huko juu, na amri yote inapotea. Jambo hilo aliwaficha watu wote. Bosi angejua tu, kiti kingekwenda.

Akamwambia mdogo wake peke yake, fundi kompyuta wa ofisi. Dada ndiye aliyemlea, akamfundisha kuandika, akamtafutia na kazi yenyewe.

"Dada, niachie mimi," akamwambia. "Hili litabaki kati yetu."

Wiki haikuisha, programu ikawa imerekebishwa. Ukibofya popote kwenye mstari wa amri, alama inakwenda papo hapo. Mama Mashine alilia kwa furaha, wala hakuona haya. Hata mdogo wake alipomwomba amfundishe mkewe kuchapa, asikae bure nyumbani, Jumapili nne mfululizo alikaa mezani na wifi yake kwa moyo mkunjufu.

Asubuhi moja alifungua faili la barua za kusafisha, akakuta ya mdogo wake kwenda kwa bosi. Alikuwa ameitupa humo kwa mazoea tu, maana tangu shule hajapeleka karatasi popote kabla dada yake hajaipitia.

"Mpiga chapa wetu ana vidole vibovu," iliandikwa. "Nimelazimika kurekebisha programu kwa ajili ya mpiga chapa wetu. Kwa kuwa sasa kubofya kunatosha, napendekeza kiti cha mpiga chapa wetu kichukuliwe na mtu mwenye mikono mizima. Ninaye, na ameshajifunza."

Aliisoma mara mbili. Mtu baki akikusaliti unamtukana, unaendelea na safari. Huyu ni mtoto aliyembeba mgongoni. 

Angeweza kuifuta. Hakuifuta. Alishuka mstari wa chini, akaandika amri: kila penye "mpiga chapa wetu" pawe "dada yangu". Kidole kikateleza, herufi moja ikazidi katikati. Akabofya, na alama ikakaa pale pale alipoitaka. Fundi ni fundi, hilo hakumnyima. Akarekebisha, akagonga.

Mdogo wake alipopita kuuliza kama barua ziko tayari, alimkabidhi karatasi ingali na joto la printa.

"Yako nimeisafisha," akamwambia. "Isome kwanza, halafu utie sahihi mwenyewe."

Alisoma amesimama. Alipofika kwenye "kiti cha dada yangu", akatafuta mahali pa kukaa. Chumbani mlikuwa na kiti kimoja tu, na Mama Mashine alikuwa amekikalia.