Shukrani ya Pili

Wifi yangu Neli ni mfinyanzi wa Ikombe, na ukitaka kumjua, mtazame siku ya kuchoma vyungu. Vikishapoa anavigonga kimoja kimoja kwa kidole. Kisicholia vizuri, hata kiwe cha kupendeza namna gani, hakipandi mtumbwi kwenda soko la Lyulilo. Anakivunja palepale. Mimi vyangu vya namna hiyo niliwahi kuviuza, nakiri.

Mwaka 1997 alitolewa kizazi huko Mbeya kwa sababu ya saratani. Aliporudi anatembea mwenyewe, mumewe Hezekia, ambaye ni kaka yangu, hakuweza kusubiri. Jumapili iliyofuata akaitisha ibada ya shukrani. Tulipika wali, tukapeleka vyungu kumi madhabahuni, na Yohana, mzee wa kanisa, akatangaza kwamba Neli amepona. Tukaitikia wote, ndaga fijo, asante sana Bwana.

Haraka haraka haina baraka. Wiki ileile Neli akaitwa Mbeya kusikiliza majibu ya maabara. Daktari akamweleza kwamba ugonjwa ulikuwa umeingia ndani sana kwenye ukuta wa kizazi, na huenda mabaki yake yapo. Mionzi ya wiki tano Dar es Salaam ingepunguza hatari ya kurudi. Ingemchosha, ingemharisha, na hakuna wa kumpa hakika. Uamuzi ni wake, ila asichelewe.

Hapo nyumba haikukalika. Yohana akasema kwenda huko ni kumwambia Mungu hadharani kwamba tulimshukuru kwa uongo. Kaka yangu naye akaona haya, eti watu wameshakula wali, atawaambia nini. Nilimwambia anaogopa aibu kuliko kaburi, na sijutii. Neli mwenyewe aliogopa. Aliniambia anaiogopa ile mashine ya mionzi, na anaogopa kufia mbali. Siku tatu hakugusa udongo.

Siku ya nne akatuita, Yohana akiwamo.

"Nilimshukuru Mungu kwa kisu," akasema. "Sikumwambia tumemalizana. Chungu nisichokiamini sikiuzi, na mwili huu bado siuamini. Naenda."

Yohana akauliza, na ile shukrani je?

"Nikirudi tutafanya nyingine. Nisiporudi, mtalia mkijua nilijaribu."

Hezekia akainuka, akatoka. Nikadhani amesusa, kumbe amekwenda kuutia mtumbwi majini. Alimvusha hadi Lyulilo, na Dar wakaenda wote.

Alirudi amekonda, hata kanga haimkai kiunoni. Kwenye ibada ya pili alileta chungu kimoja tu. Yohana alipofungua mdomo kutangaza kwamba amepona, Neli akamshika mkono.

"Sema nimetibiwa," akamwambia. "Kupona nitashukuru mwaka kwa mwaka."

Tangu hapo huleta chungu kimoja kila mwaka. Juzi ameleta cha sita. Nilimpokea mlangoni mwa kanisa, nikakigonga kwa kidole kabla hatujaingia.